Mapafu ya Pomboo, Mapafu ya Mpiga Mbizi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Tanga

Nilizamia pweza na kamba koche kwa miaka mingi kati ya Ulenge na Kigombe, na siku hizi nafundisha vijana usalama wa mbizi. Maswali haya nimeulizwa mwaloni Deep Sea, Sahare na Tongoni. Mengine yameingia kwa simu usiku wa manane, mtu kifua kinambana na hataki mkewe ajue. Mimi si daktari. Ukiwa mgonjwa leo, acha kusoma, nenda hospitali.

Kupima mapafu bila kuingia mwilini ni kupima vipi?

Ni kulijua pafu linavyofanya kazi bila kuchana ngozi, bila kupitisha mpira kooni, bila kumlaza mtu au mnyama kwa dawa. Unapima kile pafu linachokitoa lenyewe: hewa, sauti, mvuke, mwendo wa mbavu. Au unapitisha kitu kisichoumiza, kama mawimbi ya altrasaundi (sauti isiyosikika kwa sikio), mwanga, au umeme mdogo ambao mtu hausikii, kisha unasoma kilichorudi.

Kwa pomboo jambo hili lina uzito wa pekee. Sisi tukilala, mwili unaendelea kuvuta pumzi wenyewe. Pomboo huvuta kila pumzi kwa kukusudia, hata usingizini, ndiyo maana hulala nusu ya ubongo huku nusu nyingine iko macho. Ukimpa dawa ya usingizi mzito bila mashine ya kumpumulia, anakata roho. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Marekani waliwapoteza pomboo kwa njia hiyo kabla hawajaelewa.

Kwa nini mnamzungumzia pomboo pamoja na binadamu?

Kwa sababu wote wawili wanachukua hewa ya juu na kushuka nayo kwenye presha ya maji. Halafu kuna sababu ya pili, ambayo mimi ndiyo inayonikeresha usiku: wote wawili wanaficha ugonjwa. Mnyama wa porini akionyesha unyonge, papa anamwona. Mpiga mbizi akikohoa mbele ya nahodha, anaachwa pwani, na siku hiyo nyumbani hakuna unga. Nimewahi kumeza kikohozi ndani ya dau mpaka machozi yakanitoka, na wenzangu wote walijua, na hakuna aliyesema neno. Kwa viumbe wa namna hii huwezi kutegemea maneno. Lazima kipimo kiseme.

Pomboo anapumua tofauti gani na sisi?

Ukikaa kwenye ngalawa asubuhi ya kaskazi, bahari shwari, utamsikia kabla hujamwona. Ule mlipuko mfupi ni pumzi ya kutoka. Anaitoa karibu yote kwa muda usiofika nusu sekunde, anavuta nyingine papo hapo, anafunga tundu la utosini na kuzama. Sisi tukikaa kimya tunabadilisha kama nusu lita ya hewa kwenye mapafu ya lita 5 au 6. Inayobaki ni ya zamani. Pomboo kwa pumzi moja kubwa anaweza kubadilisha hadi robo tatu ya hewa yake na zaidi.

Kijana mwenye afya akipuliza kwa nguvu zake zote, hewa inamtoka kwa kasi ya kama lita 10 kwa sekunde. Pomboo waliopimwa katika bwawa wamefikisha zaidi ya lita 130 kwa sekunde. Siri iko kwenye njia za hewa. Zetu zina gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio, juu tu, na ndani zaidi ni laini, kwa hiyo ukipuliza sana zinajibana. Za pomboo zina gegedu mpaka karibu na vifuko vya hewa vyenyewe, hivyo hazifungi hata akilipua pumzi namna gani.

Unampimaje pumzi mnyama usiyeweza kumwambia "vuta, puliza"?

Waliozoeshwa kwenye mabwawa wanakuja wenyewe kwa mkufunzi na kutulia. Kinawekwa kikombe laini juu ya tundu la kupumulia, na ndani yake kuna kifaa cha kupima mkondo wa hewa, kasi na ujazo. Pomboo anapumua mara kadhaa, kifaa kinaondolewa, anapewa samaki wake. Hewa ile ile ikipitishwa kwenye kipima gesi, inajulikana ametumia oksijeni kiasi gani na hewa ukaa imetoka kiasi gani.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha zamani kidogo. Mwaka 1965 jeshi la majini la Marekani liliweka nyumba ya chini ya bahari pwani ya California, kina cha mita 62 hivi, watu wakiishi humo. Pomboo mmoja aitwaye Tuffy alikuwa akiwapelekea vifaa kutoka juu. Baadaye daktari wa wanyama Sam Ridgway na wenzake walimfundisha Tuffy kushuka mpaka kwenye kengele iliyoning'inizwa, mwisho wake mita 300. Akirudi, kabla ya kufika juu, alipuliza pumzi yake chini ya faneli iliyofunikwa kichwa chini ndani ya maji. Mapovu yakakusanywa, hewa ikapimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1969. Hakuna sindano iliyomgusa. Faneli tu, na pomboo aliyemwamini mtu. Kila nikifundisha darasa jipya naanza na habari hii.

Na hawa wetu wa baharini, wasiofugwa?

Hawa wanapimwa kwa mbali. Njia nyepesi kuliko zote ni kuhesabu pumzi kwa saa ya mkononi: amepumua mara ngapi, akakaa chini muda gani. Droni ikiruka juu inapiga picha ya video, unahesabu kwa utulivu baadaye nyumbani, na unaona pia kama mnyama amekonda. Kuna vifaa vinavyobandikwa mgongoni kwa vikombe vya kunyonya. Vinasikiliza sauti ya pumzi na mwendo wa maji, kisha vinabanduka vyenyewe na kuelea.

Kwa nyangumi, droni imefanya kazi nzuri zaidi. Nyangumi wa nundu wanaopita pwani yetu kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, wakitoka bahari ya kusini kuja kuzaa, hurusha mvuke juu kama moshi wa jikoni. Droni iliyobeba visahani safi inapita ndani ya mvuke ule, na matone yanayonaswa yanapelekwa maabara: vinasaba, homoni, bakteria wa njia ya hewa. Nyangumi mwenyewe anaendelea na safari.

Kuna faida gani kujua mapafu ya pomboo wa Tanga? Si tuhangaikie watu kwanza?

Swali hili aliniuliza mzee mmoja Chongoleani, na nilimheshimu kwa kuliuliza. Jibu langu liko Ghuba ya Mexico. Mwaka 2010 kisima cha mafuta kililipuka pale, mafuta yakaenea baharini kwa miezi. Mwaka uliofuata madaktari waliwakamata kwa muda pomboo wa Barataria Bay huko Louisiana, wakawapitisha altrasaundi ya mapafu ndani ya boti na kuwaachia. Walilinganisha na pomboo wa Sarasota, Florida, ambako mafuta hayakufika. Uwezekano wa kuwa na ugonjwa wa mapafu wa wastani hadi mkali kwa wale wa Barataria ulikuwa mara 5. Pomboo anapumua pale pale juu ya maji, kwenye utando wa mafuta na mvuke wake, na mvuvi naye anapumua pale pale.

Angalia sasa tulipo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Sisemi kwamba ajali itatokea. Nasema kwamba wale wa Louisiana walipata pa kulinganishia kwa sababu pomboo wa Sarasota walikuwa wamefuatiliwa tangu mwaka 1970. Sisi tukitaka siku moja kujua kama bahari yetu imebadilika, lazima tuwe tumepima wakati iko salama. Kuhesabu pumzi na kupiga picha hakuhitaji mamilioni. Mzee alinyamaza kidogo, akaniambia, "Basi mwanangu, anzeni." Naendelea kulirudia neno lake kila ninakokwenda.

Mapafu yangu yanakuwaje nikiwa chini?

Yanabanwa. Ukishuka mita 10, ambazo ni kama pima tano na nusu, presha inakuwa mara 2 ya juu na hewa kifuani inabaki nusu. Mita 20 inabaki theluthi. Mita 30, kama pima kumi na sita na nusu, inabaki robo: lita 6 zimekuwa lita moja na nusu. Hapo umefika kiwango ambacho mapafu yetu hubaki nacho hata tukipuliza mpaka mwisho. Ukipita hapo, mwili unaingiza damu kwenye mishipa ya kifua ili kujaza nafasi, na ikizidi, mishipa midogo inapasuka. Ndiyo ile damu mnayotema na kusema ni ya puani.

Kifua cha pomboo kinakunjika. Mbavu zake zimeungwa kwa ulegevu, na vifuko vya hewa vinajifunga vyenyewe akishuka, hewa ikisukumwa kwenye mabomba yenye gegedu ambako haiwezi kuingia kwenye damu. Mnorwe Per Scholander alilieleza wazo hilo mwaka 1940. Kwa hiyo kina hicho kwake hakimjazi naitrojeni kama kinavyomjaza anayepumua kwa mtungi. Kijana akiniambia "mimi ni pomboo," namwambia mbavu zako si za pomboo.

Ni vipimo gani vinavyofaa kwa mpiga mbizi wa kawaida?

Cha kwanza ni spirometa, kifaa cha kupima pumzi. Unavuta pumzi mpaka shibe, unaziba midomo kwenye bomba, unapuliza kwa nguvu zote mpaka huna kitu. John Hutchinson aliionyesha ya kwanza London mwaka 1846 akiwa amepima watu zaidi ya 2,000, mabaharia wakiwemo. Inatazama mambo mawili hasa: hewa yote uliyotoa, na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza. Mtu mzima mwenye njia safi hutoa kama robo tatu au zaidi ndani ya sekunde hiyo. Ikiwa ndogo sana, njia zimebana. Kwa mpiga mbizi wa mtungi maana yake ni kwamba hewa inaweza kunaswa ndani wakati anapanda juu, ikatanuka, ikapasua.

Kuna kifaa kidogo zaidi, bomba la plastiki lenye mshale, kinachopima kasi ya mpulizo tu. Wagonjwa wa pumu wanakijua. Hakina mengi ya kusema, lakini ukijipima kila asubuhi kwa wiki mbili na kuandika, utaijua namba yako, na siku ikishuka utajua bila kuambiwa na mtu.

Altrasaundi nayo. Zamani ilidhaniwa haifai kwa mapafu kwa sababu hewa huzuia mawimbi. Lakini pafu likiwa na maji, picha huonyesha mistari mirefu inayoshuka kama mikia ya vimondo. Watafiti wamewapima wapiga mbizi mara tu wanapotoka majini na kuiona mistari hiyo kwa baadhi yao, hata wasiolalamika kitu. Mwili ukiwa majini damu inasogea kifuani, na maji yanaweza kuvuja ndani ya pafu. Mashine hizi zipo sehemu nyingi kwa ajili ya wajawazito. Kinachotakiwa zaidi ni mtu aliyejifunza kusoma kifua.

Spirometa nzuri haikupi ruhusa ya kila kitu. Inapima pafu la siku hiyo, nchi kavu, umesimama.

Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, kinatosha?

Hakitoshi, na kwa ngozi zetu kuna jambo la kulijua. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kukisia oksijeni ya damu kwa rangi yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kinaweza kukuonyesha namba ya kuridhisha nawe huna hali. Halafu kidole kilichotoka majini ni cha baridi, damu imekimbia. Kausha, pasha moto, subiri, pima tena. Na kama mtu anahema kwa shida huku namba ni nzuri, mwamini mtu.

Kipo kifaa cha mwanga cha aina nyingine, unaoingia ndani zaidi ya ngozi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walikivisha sili, mnyama wa bahari za baridi anayezama kwa pumzi yake, na mwaka 2019 wakaeleza kwamba sili huanza kubana damu ya ngozini sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Kisha wakawavisha wapiga mbizi wa pumzi moja, wanaoshuka bila mtungi, mmoja akafika mita 107. Oksijeni kwenye damu ilishuka kwa baadhi yao mpaka asilimia 25. Hao ni mabingwa wenye kamba na waokoaji pembeni. Wewe una mshipi na ndoo ya pweza.

Nimesikia kuna mkanda unaoonyesha pafu likijaa. Ni kweli?

Ni kweli. Mkanda wenye vituo 16 au 32 vya umeme unafungwa kifuani. Umeme mdogo unapita kutoka kituo hadi kituo. Hewa haipitishi umeme vizuri, damu na nyama zinapitisha, kwa hiyo kompyuta inachora pafu linavyojaa na kutoka, upande kwa upande. Hospitali kubwa huutumia kwa wagonjwa mahututi, na madaktari wa wanyama wameujaribu kwa farasi na hata kifaru. Baharini shida yake ni chumvi: maji ya bahari yanapitisha umeme kuliko mwili, unakimbilia nje.

Tunatumia kompresa na mpira wa kupumulia chini ya maji. Kuna ubaya?

Kwanza, kuvua kwa mitungi ya gesi ni kosa kisheria. Lakini najua mnafanya, na sitaki mfe kwa sababu ya aibu ya kuuliza.

Ukivuta hewa ya kompresa chini halafu ukapanda huku umeibana, inatanuka. Pafu lililojaa mita 10 chini linataka kuwa mara 2 juu, na halina nafasi. Linapasuka, hewa inaingia kifuani au kwenye damu na kukimbilia ubongoni. Mita chache tu zinatosha kwa hili. Anayezamia kwa pumzi yake hana hatari hii, kwa sababu alishuka na hewa aliyoichukua juu. Pili, kompresa nyingi zimewekwa karibu na injini, na moshi unaingia kwenye bomba la kuvutia. Moshi ule una kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Kile kifaa cha kidoleni hakiitofautishi na oksijeni. Kitakuonyesha asilimia 98 na mtu anakufa.

Baruti inafanya nini kwa mapafu?

Mlipuko unapita majini na kwenye nyama bila kizuizi kikubwa, mpaka ukutane na hewa. Hapo ndipo unaporarua: mapafu, masikio, utumbo. Pwani ya Tanga imeteswa na uvuvi wa baruti miaka mingi, na kila aliyezamia anajua ile ngumi ya kifua inayotoka hata maili mbali. Pomboo aliye karibu anapata hiyo hiyo. Ukiisikia ngumi, toka majini, na usizame tena siku hiyo. Ukikohoa damu au kifua kikiuma, nenda upigwe eksirei hata kama unahisi umepona.

Niliwahi kuugua kifua kikuu. Naweza kurudi majini?

Kifua kikuu kinaweza kuacha makovu na mashimo yanayonasa hewa. Kwa mtungi ni hatari kabisa mpaka daktari aone picha ya kifua na spirometa. Kwa pumzi moja pia pima kwanza. Pumu: usizame ikiwa imekuamka. Aliyewahi kupasuka pafu bila ajali, mtungi si wake tena. Sigara inashusha namba mwaka hadi mwaka, na hili sina haja ya kulipamba.

Mwanangu anahema haraka haraka kabla ya kuzama ili akae zaidi. Ni mbinu nzuri?

Mzuie leo. Kuhema hivyo hakuongezi oksijeni ya maana. Kunaondoa hewa ukaa, ambayo ndiyo inayompa mtu hamu ya kupumua. Kengele inazimwa, oksijeni inaisha kimya kimya, na anazimia akiwa karibu kufika juu, bila kupigana. Mara nyingi wenzake wanadhani bado anatafuta pweza. Wawe wawili wawili, mmoja juu akitazama, mpaka aliyetoka avute pumzi tatu na aseme neno.

Nimemkuta pomboo amekwama mchangani. Naweza kumsaidia mpaka wataalamu wafike?

Ndiyo, na unaweza pia kumpima. Muweke kwa tumbo, mwili uwe na maji na kivuli, tumia kanga zilizolowa. Usiguse tundu la utosini, usilifunike, usimwagie maji hapo. Usiinamie juu yake: mvuke wake una vijidudu vinavyoweza kukuingia, na vyako vilevile vinaweza kumwingia yeye. Waondoe watoto na kelele. Kisha kaa ubavuni pake na saa, uhesabu pumzi kwa dakika tano. Pomboo mtulivu hupumua kama mara 2 hadi 4 kwa dakika. Zaidi ya hapo sana ana hofu, joto au maumivu. Sikiliza kama pumzi ni kavu na safi au ina maji maji, tazama kama kuna povu au damu, na kama inanuka vibaya. Andika kila dakika tano, hata kwenye mkono kwa kalamu. Afisa wa hifadhi ya bahari au daktari wa mifugo akipokea simu, jambo la kwanza mpe hesabu hiyo ya pumzi.